Maamuzi Yanayokula Muda Katika Kurekodi Nyumbani

Ninapofungua programu ya kurekodi jioni, baada ya shughuli nyingine za siku, nguvu niliyobakiwa nayo hutosha kufanya maamuzi machache tu. Kwa sababu hiyo nimeanza kuamini kwamba wepesi wa kazi hii hautegemei sana kasi ya vidole wala uwezo wa kompyuta. Unategemea idadi ya mambo ninayolazimika kuyaamua kati ya dakika wazo linaponijia na dakika linaporekodiwa. Jina la traki (mstari wa sauti moja ndani ya programu), njia ambayo kipaza sauti kimeingilia, mwendo wa metronomu, kiasi cha mwangwi katika hedifoni za mwimbaji: kila moja ya hayo ni dogo, lakini yakifuatana mfululizo, wimbo huwa umekwisha kupoa kabla sijaimba hata neno moja.

Ndiyo maana leo nimetumia muda mrefu kurekebisha kiolezo changu, yaani faili iliyopangwa tayari ambayo kila wimbo mpya huanzia. Kinafunguka kikiwa na traki za sauti kuu, sauti za kiitikio, gita, besi, kinanda na ngoma, zote zikiwa na majina na rangi zake, na kila moja ikiwa imeshaunganishwa na mlango wake kwenye kiolesura cha sauti, kifaa kinachounganisha vipaza sauti na ala kwenye kompyuta. Traki zote za sauti za watu hupitia kundi moja, na mwangwi umewekwa kwenye njia ya pamoja badala ya kuwekwa upya katika kila traki, jambo ambalo pia humpunguzia kichakataji cha kompyuta mzigo. Nimejizuia kuweka kompresa (ya kupunguza tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo) na ikwalaiza (ya kurekebisha sauti nzito na nyembamba) zilizokwisha kupangwa, kwa kuwa sauti ya kesho sijaisikia bado, na kiolezo chenye majibu ya maswali ambayo hayajaulizwa hugeuka kuwa kizuizi kingine.

Jambo lililonifikirisha zaidi ni bafa, yaani kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukikusanya kabla ya kukichakata. Wengi huichukulia kama mpangilio wa kitaalamu tu, unaowekwa mara moja na kusahauliwa, lakini kwangu imekuwa mpaka halisi kati ya kazi mbili tofauti. Katika kasi ya sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 48,000 kwa sekunde, bafa ya sampuli 128 huchelewesha sauti kwa takriban milisekunde 2.7, ilhali bafa ya sampuli 1,024 huichelewesha kwa zaidi ya milisekunde 21. Isitoshe, sauti hupitia bafa inapoingia na tena inapotoka, kwa hiyo mwimbaji anayejisikiliza kupitia kompyuta hupata ucheleweshaji wa zaidi ya maradufu ya kiasi hicho. Hakuna anayeweza kuimba kwa raha akijisikia nyuma yake mwenyewe. Kwa upande mwingine, bafa ndogo humnyima kichakataji nafasi ya kupumua, na plagini nzito (programu ndogo za kuchakata sauti) zikiwashwa, sauti huanza kukatikakatika. Mtu anayerekodi huku akimiksi, yaani akizisawazisha traki zote ziwe wimbo mmoja, hujikuta akipandisha na kushusha bafa usiku kucha, kisha anailaumu kompyuta. (Kiolesura kinachoruhusu kujisikiliza moja kwa moja, kabla sauti haijaingia kwenye kompyuta, huondoa sehemu kubwa ya tatizo hili, ingawa hakiwasaidii wanaopiga ala zilizo ndani ya programu yenyewe.) Uamuzi wangu ni kwamba siku ya kurekodi ni ya kurekodi, bafa ikiwa ndogo na plagini chache, na siku ya kumiksi ni siku nyingine.

Kuhusu kiwango cha sauti inayoingia, sioni haja ya kuhangaika kama zamani. Kurekodi kwa biti 24 (kiwango cha usahihi wa kila sampuli) kunatoa, kwa nadharia, nafasi ya takriban desibeli 144 kati ya sauti ndogo kabisa na kilele, kwa hiyo vilele vikiishia karibu na desibeli 12 chini ya sifuri, yaani chini ya kikomo ambacho sauti ikikipita huharibika, hakuna kinachopotea, na yale majaribio mazuri yanayoharibika kwa sababu mwimbaji alipaza sauti ghafla hupungua sana.

Njia za mkato za kibodi husifiwa kupita kiasi. Kuzikariri zote ni kazi nyingine tena. Ninazozihitaji kweli ni zile za vitendo ninavyovirudia bila kufikiri: kukata kipande, kurudi mwanzo wa ubeti, kufuta jaribio la mwisho na kuanza kurekodi upya. Katika programu ya kurekodi iitwayo REAPER, kwa mfano, vitendo kadhaa huweza kuunganishwa kuwa kimoja na kupewa kitufe kimoja, na hicho cha kufuta na kurudia ndicho ninachokitumia kuliko vyote. Mpiga gita hana mkono wa ziada, kwa hiyo kanyagio linalotuma amri za MIDI, itifaki ya mawasiliano ya ala za kielektroniki na kompyuta, iliyoanza mwaka 1983 na ambayo bado haijachakaa, linamfaa kuliko orodha yoyote ya vitufe.

Linalobaki gumu ni kuamua kwamba jambo limekwisha. Katika miaka ya 1960, mafundi waliotumia mashine za kanda zenye traki 4 walilazimika kuchanganya traki zilizokwisha kujaa ili wapate nafasi ya ala nyingine, na wakishafuta kanda ya kwanza hapakuwa na kurudi nyuma. Sisi tuna traki tusizoweza kuzimaliza, na programu hutunza kila jaribio, kwa takriban megabaiti 8.6 kwa kila dakika ya traki moja ya biti 24 katika kasi hiyo ya sampuli. Nafasi ya diski ni rahisi kupatikana kuliko subira ya kusikiliza majaribio yote hayo. Kwa hiyo ninachagua vipande bora siku ileile, masikio yakiwa bado yanakumbuka kilichoimbwa vizuri, na ala za ndani ya programu ninazigandisha ziwe sauti ya kawaida. Kugandisha humpunguzia kichakataji kazi, lakini faida ninayoithamini zaidi ni kwamba mlio wa kinanda hauko tena mezani kujadiliwa. Naweza kuurudisha nikitaka, ila uvivu wa kuurudisha hunilinda dhidi ya kupekua milio mia mbili inayofanana.

Sauti za kiitikio zimeshachaguliwa usiku huu. Kesho nitagandisha kinanda na besi, nitapandisha bafa hadi sampuli 1,024, kisha nitaanza kumiksi kutoka kwenye ngoma.