Bukavu mpaka Goma na boti ya mbao, na pale tulisimama kutengeneza

Watu wengi wa Bukavu wakitaka kwenda Goma, kule mwisho wa kaskazini wa ziwa Kivu, Kongo, wanapanda kano rapidi (boti ya mwendo kasi), masaa machache wamefika. Mimi nilichagua boti ya mbao ya mjomba, ile ya mizigo, juu inaenda polepole na inasimama njiani, na kule kusimama njo nilitaka kuona. Kapiteni wa boti ya mbao akikwambia atapita moja kwa moja bila kusimama kutengeneza kitu, usipande.

Tulitoka asubuhi sana, maana kiangazi upepo wa kusini unaamka mchana na mawimbi yake. Boti ilikuwa imekaa nje ya maji muda mrefu, mbao zimekauka zikapungua, kati ya ubao na ubao kumefunguka, basi maji yanaingia tu na vijana wanayachota na bidon (madumu) zilizokatwa. Nikamuuliza kapiteni kama hatuzami. "Mdogo wangu, acha mbao zinywe maji kwanza, zitavimba zijifunge zenyewe. Pale patabaki panavuja njo tutaziba kisiwani Idjwi."

Hatujafika hata mbali moteri ikaacha kukojoa. Ule uzi mwembamba wa maji unaotoka nyuma njo unaonyesha moteri inapozwa vizuri, ukikatika uzime haraka, la sivyo inaungua. Wakaiinua, wakakuta sashe ya plastiki imejibandika pale inapovutia maji. Inauma kweli, ni uchafu uleule wa Bukavu unaoziba hata mabarazi (mabwawa) ya umeme kule mto Ruzizi, tunautupa sisi wenyewe halafu unatukamata ziwani.

Idjwi Kusini tulikaa sana. Papa fundi alivua shati akaingia majini mpaka kifuani (Kivu haina mamba wala kiboko, mtu anafanya kazi ametulia), akapitisha kidole polepole kwenye kila mstari wa mbao. Pale kidole kilisikia kitu, boti ikavutwa kwenye mchanga, akakwangua pamba ya zamani iliyooza, akasokota mpya kama kamba nyembamba na kuilowesha mafuta, akaisukuma ndani na patasi butu, nyundo inapiga kidogokidogo, tok tok tok. Akaniambia usijaze kwa nguvu, ubao ukivimba utakosa nafasi utasukuma misumari itoke. Juu akapaka lami ya moto. Kazi ya mikono safi kabisa, na watu kama yeye hawalipwi vile wanastahili, hilo linanikasirisha.

Bugarula, upande wa kaskazini wa kisiwa, wafanyabiashara walikuwa na mananasi wakataka tuongeze mizigo, kelele nyingi, mama mmoja amelia kabisa. Kapiteni akamjibu kwa heshima: "Mama, unisamehe, ule mstari umezibwa leo, boti ikikaa chini zaidi maji yataupata." Hakuna aliyebisha tena. Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama karibu na Kituku, bandari ya Goma, watu wanaiangalia toka ng'ambo, imejaa kupita kiasi, na kila mtu wa ziwa hili anajua mtu aliyepoteza mtu siku ile.

Katikati, kati ya kisiwa na Goma, moteri ikakohoa ikazima, esanse (petroli) ilikuwa imechanganyika na maji. Pale kutupa nanga haiwezekani, ziwa lina sehemu zinapita mita 450 kwenda chini, kamba ya nani itafika? Na upepo ushaanza. Vijana wakasimamisha miti miwili, wakafunga shitingi ya kufunika mizigo, ikajaa upepo pwaa, na boti ikaanza kwenda kaskazini yenyewe kabisa huku makanisiye (fundi wa moteri) amepiga magoti anasafisha filta na karbirateri na kumwaga maji yaliyo chini ya tangi. Kapiteni alishika kasia la nyuma tu, mawimbi yasitupige ubavuni. Nilifurahi sana ile saa, sikutaka hata moteri iwake.

Iliwaka, tukafika Kituku jioni. Goma unaangalia vizuri unapoegesha, mawe ya lava meusi yanakata mbao kama wembe. Mjomba alikuja asubuhi, wakaiinua boti, ule mstari wa Idjwi ulikuwa mkavu, lakini ubao wa jirani umeoza kwa ndani, patasi inaingia yenyewe. Fundi wa Goma akasema utolewe wote. Mjomba akakubali bila kubishana bei, na mizigo ya kurudi Bukavu wameiambia ingoje.