Nilivyojifunza kukagua andalio la somo kwa kuanzia mwisho

Muhula wa kwanza wa 2023 nilikabidhiwa idara ya Kiswahili katika shule moja ya sekondari nje kidogo ya Arua, mji wa kaskazini magharibi mwa Uganda. Tulikuwa watatu: mimi, kijana aliyetoka chuoni mwaka uliotangulia, na mzee mmoja aliyefundisha Kiswahili tangu enzi kilipokuwa somo la wachache. Mkuu wa taaluma alinipa mhuri na kidau cha wino. Kila Ijumaa nikague maandalio ya juma linalofuata, nihakikishe yanaendana na silabasi, nigonge.

Mwezi mzima niligonga tu. Nilikagua kama nilivyokaguliwa mimi miaka yote. Mada ni ile ya azimio la kazi, yaani mpango wa masomo ya muhula? Matokeo ya ujifunzaji, yaani kile mwanafunzi anachotakiwa kuweza baada ya somo, yameandikwa? Tarehe ipo, idadi ya wanafunzi, hatua, marejeo? Vyote vilikuwepo. Walimu wenzangu waliyanakili matokeo kutoka kwenye silabasi neno kwa neno, nami nikawa nalinganisha nakala na asili yake, naona zimefanana, naweka mhuri.

Kilichonizindua ni shughuli ya ujumuishaji. Kwa msomaji asiye Uganda: mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioandaliwa na kituo cha taifa cha mitaala, NCDC, ulianza na S1, yaani kidato cha kwanza, mwaka 2020, wiki chache kabla ya korona kufunga shule. Kiswahili kimo katika masomo ya lazima ya S1 na S2. Mtaala huu hauulizi sana mtoto anajua nini, unauliza anaweza kufanya nini na anachokijua. Kwa hiyo mwishoni mwa mada hupewa hali ya maisha ya kweli na jambo la kutenda ndani yake. Tathmini endelevu ya shuleni hubeba asilimia 20 ya alama za UCE, cheti cha mwisho wa sekondari ya chini, na asilimia 80 hutoka kwenye mtihani wa UNEB, baraza la taifa la mitihani.

Mada yetu ilikuwa sokoni. Umetumwa na shilingi 10,000, nyumbani kuna wageni, nunua chakula na umshawishi muuzaji apunguze bei. Msichana mmoja akasimama mbele ya mwenzake, akataja majina ya vyakula kumi na vinne bila kukosea umoja na wingi hata mara moja. Kisha akanyamaza. Mwenzake akasubiri. Darasa zima likasubiri. Hakuwa na namna ya kusema "bei gani?" Na huyu ni mtoto ambaye mama yake anauza samaki wakavu waitwao angara sokoni Arua, kupatana bei kwa Kilugbara, lugha ya kwao, amekulia ndani yake.

Nilirudi ofisini nikalitafuta andalio la mada ile. Mhuri wangu ulikuwa juu yake. Matokeo yalisema mwanafunzi aweze kuwasiliana katika kununua na kuuza. Hatua za somo: mwalimu anaandika msamiati ubaoni, wanafunzi wanatamka, wananakili. Tathmini: andika majina kumi ya vyakula. Mtoto alikuwa ametimiza kila alichofundishwa.

Tangu siku hiyo ninasoma andalio kutoka chini kwenda juu. Sehemu ya matokeo naifunika kwa karatasi. Nasoma zoezi la mwisho kwanza, najiuliza: mtoto akilifanya hili vizuri, nitakuwa nimejua anaweza nini? Jibu naliandika kwa penseli pembeni. Kisha nasoma hatua, kila moja nikimtafuta mwanafunzi: hapa anafanya nini, si mwalimu anafanya nini. Mwisho kabisa ndipo nafunua, nalinganisha kitenzi cha silabasi na kitenzi changu cha penseli. Chuoni tulikariri ngazi sita za kufikiri za mwaka 1956, kuanzia kukumbuka tu hadi kutathmini, za Benjamin Bloom, mwanasaikolojia wa elimu wa Marekani, na kwa muda mrefu nilizitumia kuchagua vitenzi vya kupendezesha lengo. Kazi kubwa ya ngazi hizo niliiona hapa. Silabasi ikisema "kushawishi" na zoezi likasema "taja", andalio halijafika, hata kama mada ni ileile.

Juma la kwanza nilipima maandalio 11. Yaliyopita yalikuwa manne. Mawili kati ya yaliyoanguka yalikuwa yangu.

Nilianza na yangu, nikayaandika upya, ndipo nikamwita yule kijana.

"Madamu, mbona nimeandika matokeo kama yalivyo kwenye silabasi?"

"Najua, Mwalimu. Nionyeshe tu ni wapi mtoto anauliza bei."

Akapitisha kidole kwenye ukurasa, polepole, hatua kwa hatua, hadi chini. "Hakuna," akasema. Kisha akaongeza jambo la haki kabisa: "Lakini wako 78, Madamu, na kipindi ni dakika 40. Nitawasikiliza vipi?"

Hapo ndipo ilipo kazi yenyewe, na ndipo wakaguzi wengi wanapoishia kwa kuandika "rekebisha". Tulikaa mpaka jioni. Msamiati ukashuka kutoka maneno thelathini hadi manane, yale ambayo mazungumzo hayaendi bila hayo. Safu za madawati zikageuziana, wakawa jozi 39. Wote wanazungumza kwa pamoja, kelele na ziwepo, na mwalimu anapita na daftari akisikiliza jozi sita kwa kila kipindi. Vipindi saba, kila mtoto amesikilizwa.

Mzee naye alinifundisha upande wa pili. Andalio lake halikuwa na kazi za makundi wala karatasi za manila za kubandika ukutani. Mwalimu anasimulia safari ya kwenda Koboko, mji jirani, wanafunzi wanasikiliza. Kwa macho tu ningelirudisha. Nilipofunika matokeo, zoezi lake likanionyesha kwamba kila mtoto angechora njia ile chini kwa kijiti na kumsimulia jirani yake kwa mpangilio. Matokeo yalitaka kusikiliza na kusimulia tena. Yaliendana barabara.

Nimeacha pia kudai kila somo libebe matokeo yote. Somo la msamiati lina nafasi yake. Siku hizi naomba maandalio ya mada nzima, natandaza mezani, nafuata kila tokeo: linafanyiwa mazoezi wapi, linapimwa wapi? Mara ya kwanza nilikuta kuandika kumejaa kila ukurasa, kusikiliza karibu hakupo. Mkuu wa taaluma hakupenda kupoteza Ijumaa zake, lakini alikubali.

Muhula wa pili tuliirudia ile shughuli ya sokoni. Msichana yuleyule akaja mbele, mwenzake akawa muuzaji.

"Mama, hii angara bei gani?"

"Elfu kumi na tano."

"Mama, nina elfu kumi tu. Nyumbani kuna wageni, na nikirudi mkono mtupu nitagombezwa. Nipunguzie, kesho nitanunua kwako tena."

Muuzaji akamtazama, akatazama samaki wake wa kufikirika. "Leta hiyo kumi."

Nikafungua daftari, mbele ya jina lake nikaandika: ameshawishi.