Leo sijaandika kitu

Wiki hii shemeji yangu ameoa, mkataba wa Baba Imani umeongezwa, na ile mashine tuliyoililia tangu mwaka juzi hatimaye imeshushwa maabara, ingawa bado iko ndani ya sanduku. Hayo ndiyo ya kuandikwa. Lakini tangu Jumanne maneno ya Mwalimu yamenikwama kooni kama mwiba wa samaki ngege, hayapandi wala hayashuki.

Mwalimu mnamjua, yule mzee wa maabara yetu ya kupima damu za kesi, na kijitabu chake mnakijua. Kila mmoja wetu akiitwa kutoa ushahidi, mzee huyu huja akakaa benchi la nyuma, akaandika. Hakuna aliyemtuma. Mkitoka nje ndipo anafungua ukurasa: "Umesema 'nadhani' mara mbili. Hakimu hakukuita udhani." Au: "Wakili amekuuliza, nawe ukamjibu wakili. Jibu lielekeze kwa hakimu." Mimi nimeshapokea kurasa nyingi za namna hiyo, na baadhi zilinitoa machozi chooni.

Basi Jumanne ikawa zamu yangu. Kesi yenyewe siigusi maana haijakwisha. Nataja swali tu, kwa kuwa huulizwa karibu kila mara panga linapoletwa kortini. Wakili alisimama, akatabasamu (wakitabasamu jihadhari), akauliza kama ile rangi ya waridi kwenye kipimo changu cha kwanza cha damu haiwezi kuletwa na viazi. Nikamgeukia hakimu. Nikasema ndiyo, baadhi ya mimea ina vimeng'enya vinavyoweza kuleta rangi hiyo, ndiyo maana kipimo cha fenolftalini hutuelekeza tu, hakithibitishi. Na ndiyo maana baada yake nilifanya kipimo kingine kinachotafuta hemoglobini ya binadamu. Wakili akapekua karatasi zake, akakaa.

Ndani ya gari, tulipokwama na bodaboda pale Kondele, Kisumu, nikashindwa kuvumilia.

"Mwalimu, vipi leo?"

"Leo sijaandika kitu."

"Hata neno moja?"

"Sijaandika."

Kisha akaanza habari za bei ya omena.

Sasa niambieni, hiyo ni nini? Hakuna cha kusahihisha, au hakuna cha maana? Alitazama mbele aliposema. Hakutabasamu, lakini Mwalimu hatabasamu hata siku ya mshahara. Mama nilipompigia akasema hizo ni sifa, wazee hawamsifu mtoto usoni asije akavimba kichwa. Baba Imani akasema huenda kalamu iliisha wino. Nimelala na maneno hayo, nimeamka nayo, nimekaanga mayai nayo yakaungua. "Sijaandika." Ile mara ya pili aliitamka polepole kuliko ya kwanza, hilo nina hakika nalo.

Alhamisi nilikuwa na yule kijana wa mazoezi, aliyemaliza chuo juzi. Ana mkono mwepesi, na hilo ndilo tatizo. Alidondosha fenolftalini kwenye pamba, na papo hapo peroksaidi, ile dawa ya pili inayoleta rangi damu ikiwapo, ikawa inafuata. Nikamshika kifundo cha mkono. Subiri. Tazama pamba kwanza. Ikigeuka waridi kabla ya peroksaidi, ujue kuna kitu kingine hapo kinachokudanganya, na hicho kipimo hakikufai tena. Akauliza imeandikwa wapi. Nikamfungulia utaratibu wa kazi, ukurasa wenyewe, mstari wenyewe.

Hapo ndipo nilipoanza kukasirika, na hasira haikuwa ya kijana. Kwetu kila kitu kimeandikwa. Nguo yenye damu ikaushwe kwa hewa, ifungwe kwenye karatasi na si nailoni, isije ikaota ukungu na DNA ikaharibika. Ripoti isitoke kabla mchambuzi wa pili hajaipitia. Lakini ule ustadi wa kusimama kizimbani ukaulizwa habari za viazi na usitetemeke, huo haumo kwenye faili lolote. Kifungu cha 48 cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya kinaruhusu mtaalamu kutoa maoni yake, hakikwambii mikono uiweke wapi. Hayo yote yamo kwenye kijitabu kimoja chenye jalada lililobanduka, ndani ya mfuko wa koti la mtu anayefikisha miaka 60 mwaka huu na kwenda zake Ugenya kufuga ng'ombe.

Kwa hiyo Ijumaa nilimfuata mezani kwake. Sikuuliza habari za Jumanne. Nilimwomba kijitabu nikatoe nakala. Akanitazama juu ya miwani.

"Mwandiko wangu hata mke wangu hausomi."

"Mimi nitausoma."

"Kuna mambo yako mle."

"Najua."

Akakirudisha mfukoni. Hakusema ndiyo, hakusema la. Akaniuliza kama ile mashine ina dhamana ya muda gani, nikamwambia nitaangalia. Wiki ijayo nitamrudia, na nitamrudia tena, mpaka achoke.

Kinachoninyima usingizi leo ni Mama. Kliniki ya goti ni Jumatatu, amekataa katakata tumfuate Kakamega, eti atapanda matatu ya alfajiri mwenyewe. Madereva wa saa hizo mnawajua wanavyoteremka kilima cha Riat. Nimemwambia akae mbele, ananijibu mbele hakuna pa kunyoosha mguu. Na simu yake, kama kawaida, haina chaji.