Kliniki na wife leo
Jamani leo nimemsindikiza wife kliniki, hudhurio la kwanza, mi nikajua kazi yangu kushika pochi tu kumbe nesi kaniita na mimi. Tukatobolewa kidole wote wawili, kipimo kimoja kinaangalia VVU na kaswende kwa pamoja, dakika 20 hivi majibu tayari na hatujatoa hata mia. Kuna jamaa aliaga anaenda kununua vocha, hakurudi hahaha. Yule nesi mcheshi balaa ila kwenye kaswende alikaza uso, anasema unaweza kukaa nayo miaka huumwi popote, na ikimpata mtoto tumboni mimba inaweza kutoka au azaliwe mfu, wakati dawa yenyewe ni penisilini ya sindano, ile ya tako ya tangu zamani, inamtibu mama na inamfikia mpaka mtoto. Na baba lazima atibiwe pia maana bila hivyo mnarudishiana tu. Sie tuko poa wote. Halafu wababa, pale mkienda wawili mnapitishwa mbele ya foleni, tumetoka saa nne asubuhi tukaenda kula chapati.