Ukuta Ulioziba Pua

Nyumba aliyotuachia bibi yetu imo ndani ya Mji Mkongwe, Zanzibar, katika uchochoro ambao watu wawili wakikutana lazima mmoja ajibanze. Miaka 12 iliyopita, rangi ilipoanza kubambuka upande wa chini, tulifanya lile ambalo majirani wengi walikuwa wakilifanya: tulipiga lipu ya saruji, ndani na nje. Ukuta ukawa mgumu kama jabali, nasi tukaamini kwamba tumeiimarisha nyumba.

Mwaka jana ufa wa kupitisha kidole ulitokea chini ya sakafu ya ghorofa ya kwanza. Fundi mzee wa chokaa tuliyemwita hakuanza na ufa. Aligonga lipu kwa nyundo, akasikiliza, kisha akabandua kipande kikubwa kama sinia. Nyuma yake mawe yalikuwa yamelowa na kujaa chumvi nyeupe mithili ya unga. Akachomeka bisibisi kwenye boriti, pale inapoingia ukutani, nayo ikazama hadi kwenye mpini. "Mwanangu," aliniambia, "ukuta huu mmeuziba pua."

Kuta hizi ni za mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa na udongo. Hunywa maji kutoka ardhini na kuyatoa tena kupitia chokaa yenye vinyweleo. Saruji huyazuia yasitoke, kwa hiyo hupanda juu zaidi hadi kuzifikia ncha za boriti za mikoko, ambazo hubeba sakafu na, kwa kuwa zimeshikwa na ukuta pande zote mbili, husaidia kuta zisiachane. Ncha zikioza, nyumba imefunguliwa mkanda.

Tulianza na mifereji ya paa, kwani hakuna dawa ya ukuta unaomwagiwa maji kila mvua. Kisha tulibandua saruji yote, tukauacha ukuta ukauke miezi kadhaa, tukaujaza ufa kwa uji mwepesi wa chokaa na kufunga kuta mbili kwa vyuma visivyoshika kutu. Kuhusu boriti, nilisisitiza jambo moja: zikatwe ncha zilizooza tu na kuungwa mbao mpya kwa bolti. Mikoko ndiyo inayoukinga ufuo wetu, na sioni haki ya kukata mti mzima kwa ajili ya nusu mita iliyooza.

Saruji hupikwa kwa joto linalokaribia nyuzi 1,450, chokaa kwa takriban nyuzi 900, na chokaa inapokomaa ukutani huifyonza tena sehemu ya hewa ya ukaa iliyotoka ilipochomwa. Hata hivyo tanuru la chokaa nalo hula kuni nyingi, hivyo akiba kubwa zaidi ya nishati, kwa maoni yangu, imo katika mawe ambayo tayari yamesimama.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el-Ajaib, jumba la hapa Mji Mkongwe lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafariki. Tangu siku hiyo siwezi kuutazama ufa wa nyumba ya kale kama kasoro ya sura tu.

Chumba cha bibi bado hakijapakwa rangi. Fundi amekataa rangi ya plastiki, anataka chokaa tupu, na hata hiyo tusubiri masika yapite, tuone unyevu utasimama wapi.