Siku tuliyokutanisha faharisi mbili

Programu ilikuwa ya kufuatilia malalamiko ya wateja, imeandikwa kwa lugha ya Common Lisp, na data yake ilikaa Elephant, maktaba ya Lisp inayohifadhi objekti kwa kudumu, juu ya hifadhidata ya Berkeley DB. Elephant niliipenda tangu mwanzo. Unatangaza klasi, yaani aina ya objekti, kwa defpclass; sloti (sehemu ya objekti inayobeba thamani) unayotaka kutafutia unaiwekea :index t ili ipate faharisi, orodha iliyopangwa ya kutafutia, basi. Ukizima mashine, objekti zako zinakusubiri.

Ripoti moja ndiyo iliyotutesa: malalamiko ya mada fulani yaliyoshughulikiwa na mtumishi fulani. Mada ilikuwa na faharisi yake, mtumishi naye ana yake, lakini get-instances-by-value huuliza faharisi moja tu. Kwa hiyo ripoti ilizoa malalamiko yote ya mada, kisha ikachuja watumishi kwa remove-if-not. Hapo ndipo muda ulipoliwa. Objekti ya Elephant ikifika mkononi ni ganda tu; kila unaposoma sloti ya kudumu, inarudi kuichukua kwenye hifadhi. Maelfu ya safari, ili tubaki na malalamiko ya kuhesabika.

Mwenzangu alitaka tuongeze kumbukumbu (RAM) kwenye seva. "Mashine ihangaike yenyewe, bwana," alisema. Mimi nilitaka tusiguse objekti yoyote kabla ya kujua kama inahitajika.

Kila objekti ina namba yake, na chini ya thamani moja ya faharisi namba hizo zilikuwa zimepangwa kutoka ndogo kwenda kubwa. Tukafungua vielekezi viwili, yaani alama zinazosogea ndani ya faharisi, kimoja kwenye mada, kingine kwa mtumishi. Cha kwanza kiko 118, cha pili 340: basi cha kwanza hakisogei hatua moja moja, kinaruka hadi 340 au namba inayofuata. Kikitua 352, zamu ya kuruka ni ya cha pili. Zikilingana, namba inawekwa kwenye orodha. Sloti hazisomwi hadi orodha ikamilike.

Ripoti ikaanza kutoka mara tu unapoiomba, na habari ya kumbukumbu ikaisha kimyakimya.

Kisha walioitumia ripoti wakataka na tarehe, kuanzia siku hii hadi ile. Hiyo ilikataa ujanja wetu, maana katika kipindi cha siku nyingi faharisi hupanga kwa tarehe kwanza, na namba zinachanganyika. Mwenzangu akapendekeza jedwali la hashi, linalotafuta namba bila kuhitaji mpangilio. Nilimwambia hakuna haja: zilizobaki baada ya mkutano wa faharisi zilikuwa chache mno. Tarehe tukaichuja mwisho, kwa remove-if-not ileile.