Siku moja maishani mwangu: Jumatano kwenye ofisi ya mbunge, Westminster

Saa 11:40 alfajiri. Kabla alamu haijalia, simu ya Mjomba inaita kutoka Tanga. Kule kumekucha zamani, ameshakunywa chai, huku Novemba ya London bado giza totoro.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hivi huyo Mheshimiwa wako kweli ameshindwa kutuchangia bati za madrasa?"

Nimeshamweleza sana. Mbunge wa Uingereza hana mfuko wa jimbo, hajengi zahanati, hachangii harusi wala msiba. Ana mshahara, ambao Aprili 2025 uliwekwa kuwa pauni 93,904 kwa mwaka, na ana bajeti ya ofisi inayolindwa na IPSA, chombo kilichoundwa 2009 baada ya kashfa ya wabunge kujilipia mambo yao kwa fedha za umma. Kwenye bajeti hiyo ndimo tulimo sisi wasaidizi. Mimi nashughulikia kesi za wananchi: viza, nyumba, mafao, shule. Mjomba anasikiliza kwa adabu, kisha anauliza, "Sasa kazi yake nini?"

Nikamwambia nimechelewa treni.

Saa 1:30. Ofisi yetu iko Portcullis House, jengo la ofisi za wabunge lililokaa juu kabisa ya stesheni ya Westminster. Begi kwenye mashine, mkanda, kitambulisho shingoni. Wageni hulalamikia foleni. Mimi silalamiki. Mbunge Jo Cox aliuawa 2016 akielekea kuonana na wapiga kura wake, na mbunge mwenzake David Amess 2021 akiwa katikati ya kikao cha namna hiyo hiyo. Siku hizi kikao chetu cha Ijumaa jimboni ni kwa miadi, na mahali tunamtajia aliyeandikishwa tu.

Saa 2. Bosi ameshaniwahi. (Hataki kuitwa Mheshimiwa, anataka jina lake la kwanza. Ulimi umenigomea, nikaishia kwenye "bosi".) Ametoka mbio kwenda kuweka kadi yake ya sala. Wabunge ni 650 lakini viti ukumbini ni kama 427. Ukumbi wa zamani ulibomolewa na mabomu ya Wajerumani Mei 1941, na ulipojengwa upya Churchill alishikilia ubaki mdogo vilevile, ili usionekane mtupu siku za kawaida. Matokeo yake, siku ya Maswali kwa Waziri Mkuu mtu anayetaka pa kukaa anachomeka kadi kwenye kiti mapema, halafu sharti ahudhurie sala ya kufungulia kikao. Nadhani wapo wanaomkumbuka Mungu Jumatano tu.

Saa 3 hadi saa 5. Hapa ndipo ilipo kazi yenyewe. Barua pepe za usiku zilikuwa nyingi, nusu yake ni ujumbe ule ule ulionakiliwa kutoka kwenye kampeni fulani. Hizo zina jibu la pamoja. Ninazozitafuta ni zile zinazoanza na "Samahani kukusumbua".

Kesi ya mama mmoja mzaliwa wa Goma ninayo tangu Septemba. Ameniruhusu niisimulie bila jina. Anapanga kwa mtu binafsi, yeye na watoto wawili. Kwenye picha aliyotuma, ukungu mweusi umepanda kutoka sakafuni hadi usawa wa kitanda cha mtoto, na mtu amejaribu kuufuta, ukaacha alama za vidole vitano. Kila mara nikiifungua picha ile naangalia vidole, siangalii ukungu.

Tangu tarehe 27 Oktoba 2025, wenye nyumba za kijamii (zile za kodi nafuu za halmashauri na mashirika) huku England wanabanwa na Sheria ya Awaab, iliyopewa jina la Awaab Ishak, mtoto wa miaka miwili aliyefariki Rochdale mwaka 2020 kwa sababu ya ukungu wa nyumba yao. Wana muda maalumu wa kuja kukagua na kutengeneza. Mpangaji wa mtu binafsi bado hajafikiwa na ulinzi huo. Hilo ndilo swali la bosi leo: ni lini?

Kwa nini leo? Kura imemwangukia. Majina 15 huchaguliwa kwa bahati nasibu na kuchapishwa kwenye orodha ya shughuli za siku, naye yumo, namba 11. Tumeliandika swali lile mara saba. Rasimu ya kwanza ilikuwa na takwimu, historia na shukrani. Iliyobaki ni sentensi mbili.

Saa 5:30. Sala. Siwa iko mezani. Msaidizi haruhusiwi kuingia ukumbini, kwa hiyo natazama kwenye runinga ya ofisini, kikombe mkononi.

Saa 6 mchana. Mliozoea maswali ya papo kwa papo ya Alhamisi pale Dodoma, ongezeni kelele mara tatu. Kupiga makofi hakukubaliki hapa, basi wananguruma. Hakuna kumtaja mwenzako kwa jina, ni "Mheshimiwa Mbunge wa" jimbo fulani, wala hakuna kumwita mtu mwongo, hata kama ndicho kila mtu anachofikiria.

Zamu yake ilifika saa 6:33. Nilihesabu: sekunde 28. Katikati mtu wa upande wa pili akaropoka kitu, bosi hakugeuka. Waziri Mkuu akajibu kwamba jambo hilo ni zito na waziri husika atakutana naye. Spika akaita jina linalofuata. Nikakaa. Sikujua hata nilisimama saa ngapi.

Saa 7:15. Nikampigia yule mama. Hakuangalia, alikuwa zamu kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Nikamsimulia kwa bashasha: Waziri Mkuu mwenyewe, mbele ya nchi nzima, na sisi tumepata mkutano na waziri.

Akanyamaza kidogo. "Asante, dada. Sasa, fundi atakuya lini?"

Saa 9. Wanafunzi wa jimboni, darasa la watoto wa miaka kumi. Niliwapitisha Westminster Hall, ukumbi wa tangu 1097, ambako Mfalme Charles wa Kwanza alihukumiwa kifo mwaka 1649 na Mandela akahutubia mwaka 1996. Nilidhani habari ya kifo ndiyo itakayowavutia. Kilichowafurahisha zaidi ni kisanduku cha ugoro mlangoni mwa ukumbi wa Bunge: wabunge walikatazwa kuvuta tumbaku humo tangu karne ya 17, wakaachiwa ugoro wa bure, na upo mpaka leo. Bibi yangu angegombea ubunge kwa hilo tu.

Saa 1 usiku. Kengele. Spika akiuliza wanaoafiki waseme ndiyo, na pande zote mbili zikagoma kukubali zimezidiwa sauti, kengele hulia jengo zima, hata kwenye baa kadhaa za jirani. Zina dakika nane, kisha milango inafungwa. Hakuna kubonyeza kitufe kitini. Unatembea kwa miguu yako, korido ya Ndiyo au korido ya Siyo, unahesabiwa. Bosi alikuwa kwenye simu na diwani. Akaiacha simu mezani ikiwa bado inaongea, akatoka na kiatu kimoja hakijafungwa kamba. Mnadhimu wa chama amepigia shughuli ya leo mistari mitatu, maana yake usipotokea uwe na sababu ya maana.

Nikaiokota simu. "Samahani, Mheshimiwa diwani, amekwenda kupiga kura."

"Alikuwa anakubaliana na mimi," akasema.

Nikamwambia nitaliandika.

Saa 1:50. Bunge limeahirishwa. Wahudumu wa milango, na makoti yao ya mkia, wanapaza sauti: "Nani anakwenda nyumbani?" Inasemekana ni desturi ya enzi ambazo njia ya kurudi ilikuwa na vibaka, wabunge wakaondoka kwa makundi. Mimi niliondoka na begi na mkate wa mchana nilioshindwa kuula.

Saa 2:25. Kwenye treni, barua pepe. Wakala wa yule mwenye nyumba. Hataji Bunge wala Waziri Mkuu. Anajibu barua yangu ya tatu, ile yenye nembo ya Bunge, lango lenye taji, juu na sahihi ya bosi chini, ya wiki mbili zilizopita: fundi atafika Jumanne, saa 3 asubuhi.

Nikamtumia mama palepale. Jibu lilikuja tulipokuwa kwenye handaki, nikalisoma tulipotoka.

"Mungu akubariki, dada. Lakini Jumanne niko ku kazi. Anaweza kuya Alhamisi?"